Kufundisha Majaribio ya Kuta Zinazostahimili Joto: Mfano wa Mitambo ya Muungano wa Viini

Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa kwa nini uzi wa balbu hutengenezwa kwa tungsteni, hujibu bila kusita kwamba tungsteni haiyeyuki upesi. Jibu hilo ni sahihi, naye hupewa alama zake. Tatizo huanza pale anapolichukua jibu hilo kuwa ndiyo elimu yote ya vitu vinavyostahimili joto. Kwake yeye, kupima kitu ni kukitia motoni na kutazama kama kitayeyuka, kisichoyeyuka kimeshinda. Fikira hiyo ina upungufu mkubwa, na mwalimu asipoisahihisha mapema, mwanafunzi atatoka shuleni akiwa na orodha ya viwango vya kuyeyuka kichwani, bila kujua kuuliza kitu kilijaribiwa vipi.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu wa fizikia, pamoja na mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, kuisahihisha fikira hiyo kwa mfano mmoja: majaribio ya vifaa vya kujengea kuta za mitambo ya muungano wa viini vya atomi. Huenda msomaji akaona kwamba mfano huu uko mbali mno na shule zetu. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapana ukuta uliowahi kutakiwa kuvumilia joto kwa namna hii, na kwa hiyo kila kosa la fikira huonekana waziwazi. Pili, kanuni zinazotawala kuta hizo ndizo zile zile zinazotawala chungu, sufuria na jiko la mkaa, na zinaweza kujaribiwa darasani kwa mshumaa, maji na vigae.

Mtambo na ukuta wake

Katika muungano wa viini, aina mbili za haidrojeni, yaani deuteriamu na tritiamu, huunganishwa. Hutokea kiini cha heliamu na nyutroni moja yenye nguvu nyingi. Ili viini hivyo vikaribiane vya kutosha, gesi yake hutiwa joto mpaka inakuwa plazima, hali ambayo elektroni zimeachana na viini. Katika mtambo uitwao ITER, unaojengwa na mataifa kadhaa huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, halijoto inayokusudiwa ni digrii milioni 150 za Sentigredi. Plazima hiyo huzuiwa kwa nguvu za sumaku ndani ya chombo chenye umbo la pete, kinachoitwa tokamaki.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: ikiwa tungsteni, inayoshinda metali zote kwa kutoyeyuka upesi, huyeyuka kwenye digrii 3,422, ukuta wowote utasalimikaje mbele ya digrii milioni 150? Swali hili ni la thamani kubwa, na mwalimu asilijibu kwa haraka. Linafungua mlango wa kutofautisha joto na halijoto. Cheche irukayo kutoka jiwe la kunolea panga ina halijoto ya kutosha kung'arisha chuma, lakini ikitua mkononi haiunguzi, kwa kuwa ni ndogo mno. Uji wa moto una halijoto ndogo kuliko cheche, lakini ukimwagika mguuni huacha jeraha. Plazima ya tokamaki ni nyembamba sana ikilinganishwa na hewa tunayovuta, na sehemu kubwa yake huzuiwa na sumaku isiguse ukuta. Kwa hiyo swali lenye maana si plazima ina digrii ngapi, bali ni joto kiasi gani linafika kwenye kila meta ya mraba ya ukuta kwa kila sekunde.

Mahali panapopata joto kali kuliko pote ni chini ya chombo, katika sehemu ambayo tutaiita kichepushi, kwa kuwa kazi yake ni kuchepusha heliamu na takataka nyingine zitoke nje ya plazima. Kichepushi cha ITER kimekusudiwa kuvumilia megawati 10 kwa kila meta ya mraba wakati wa kazi ya kawaida, na megawati 20 kwa vipindi vifupi.

Tarakimu hizo hazimwambii mwanafunzi kitu mpaka zipimwe kwa vitu anavyovijua. Jua la adhuhuri hutupa ardhini karibu kilowati 1 kwa meta ya mraba; basi megawati 10 ni sawa na majua 10,000. Au achukue pasi ya umeme ya wati 1,000: megawati 10 kwa meta ya mraba ni sawa na kuukusanya moto wote wa pasi hiyo juu ya sentimeta moja ya mraba, yaani eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Mwalimu awaachie wanafunzi wafanye hesabu hii wenyewe. Mwanafunzi aliyeifikia pasi juu ya ukucha kwa kalamu yake hataisahau.

Ukuta mnene si ukuta salama

Baada ya hesabu hiyo, mwalimu aulize: je, tufanye ukuta uwe mnene ili ustahimili zaidi? Wanafunzi wengi watakubali, kwa kuwa nyumba yenye kuta nene huwa na ubaridi ndani. Hapa ndipo kiini cha somo. Ukuta wa kichepushi haukusudiwi kulizuia joto. Unakusudiwa kulipitisha haraka mpaka kwenye maji yanayosukumwa kwa mabomba nyuma yake. Ukuta usiopitisha joto utajikusanyia joto hilo wenyewe na kuharibika.

Kwa wanafunzi wa vidato vya juu, kanuni ya mpitisho inatosha kuonyesha jambo hilo. Tofauti ya halijoto kati ya uso wa mbele na uso wa nyuma hupatikana kwa kuzidisha mtiririko wa joto kwa unene, kisha kugawanya kwa uwezo wa mpitisho wa kitu hicho. Kwa tungsteni iliyo motoni tuchukue uwezo wa wati 100 kwa meta kwa digrii, kama makadirio. Ukuta wa milimeta 6 ukipokea megawati 10 kwa meta ya mraba, tofauti itakuwa:

10,000,000 × 0.006 ÷ 100 = digrii 600.

Ukiongezwa unene hadi milimeta 12, tofauti hiyo huwa digrii 1,200. Kwa maneno mengine, tulipoongeza unene kwa nia ya kuulinda ukuta, uso wake umezidi kuwa moto. Nayo tungsteni ikikaa kwenye halijoto inayopita digrii 1,200 au 1,300 hivi, ingawa iko mbali na kuyeyuka, chembe zake hujipanga upya na kukua, na metali hupoteza ugumu wake wa awali na kupasuka kwa urahisi. Basi kiwango cha kuyeyuka peke yake hakikutuambia mahali hatari inapoanzia.

Kwa sababu hiyo kichepushi hujengwa kwa matofali madogo ya tungsteni, kila moja likiwa limetobolewa tundu, na bomba la aloi ya shaba yenye kromi na zirikoni kidogo likapitishwa ndani ya matundu hayo kama uzi katika shanga. Lakini shaba ikipata joto hutanuka karibu mara nne ya tungsteni. Vitu viwili vilivyoshikamana, kimoja kikitanuka zaidi ya kingine, huvutana mpaka kiungo kinaachana. Ndiyo maana baina ya tungsteni na bomba huwekwa tabaka jembamba la shaba laini isiyochanganywa, ambalo hukubali kubonyea na hivyo kupunguza mvutano huo, kama godoro baina ya mtu na ubao.

Jinsi kuta zinavyojaribiwa

Kwa kuwa mtambo wenyewe haujakamilika, vipande vya ukuta hujaribiwa katika vituo mbalimbali, na kila kituo huuliza swali lake.

Swali la kwanza ni hili: je, kipande kitavumilia kupata moto na kupoa mara nyingi? Katika Taasisi ya Efremov mjini St Petersburg, Urusi, na katika kituo cha Jülich, Ujerumani, vipande vimepigwa kwa miali ya elektroni ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, huku maji yakipita katika mabomba yake. Mwali hupiga kwa sekunde 10, hukatwa kwa sekunde 10, kisha hupiga tena. Sharti lililowekwa kwa vipande vya ITER lilikuwa kuvumilia mizunguko 5,000 ya megawati 10 na mizunguko 300 ya megawati 20 kwa meta ya mraba. Tuzingatie kwamba sharti hilo limetaja idadi ya mizunguko pamoja na ukali wa moto. Kitu huweza kuushinda moto mara moja kikashindwa mara ya elfu, kwa kuwa kila mzunguko hukitanua na kukikunja.

Swali la pili: elektroni huleta joto, lakini plazima ya kweli huleta pia atomi za haidrojeni zinazoupiga uso wa ukuta na kuingia ndani yake. Je, hizo zitaudhuru vipi? Kwa ajili hiyo, kituo cha GLADIS kilichoko Garching, Ujerumani, hutumia miali ya haidrojeni, na mtambo wa Magnum-PSI ulioko Eindhoven, Uholanzi, huelekeza mkondo wa plazima yenyewe juu ya kipande.

Swali la tatu: ukuta mzima utaendeleaje ndani ya tokamaki halisi? Hapa mfano mzuri ni mtambo wa JET, uliofanya kazi Culham, Uingereza, tangu mwaka 1983 hadi 2023. Kwa miaka mingi ukuta wake ulifunikwa kwa kaboni. Kaboni haiyeyuki, na kwa kipimo cha mwanafunzi wetu ingekuwa imeshinda kila kitu. Lakini kaboni hushikamana na haidrojeni, na hivyo ilikuwa ikinasa tritiamu, ambayo ni adimu na yenye mnururisho. Ukuta ulipobadilishwa kuwa wa beriliamu na tungsteni, na mtambo ukaanza kazi tena mwaka 2011, kiasi cha gesi kilichonaswa kilipungua kwa zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo kitu kisichoyeyuka kilikataliwa kwa kosa ambalo kiwango cha kuyeyuka kisingeweza kulifichua.

Beriliamu nayo haikudumu katika mipango. Ilikuwa imechaguliwa kwa ukuta mkuu wa ITER kwa kuwa ni nyepesi na haiichafui sana plazima. Hata hivyo huyeyuka kwenye digrii 1,287, na vumbi lake ni sumu. Mwaka 2023 wakuu wa mradi walipendekeza ukuta huo nao uwe wa tungsteni, na mpango mpya uliotangazwa mwaka 2024 ulijengwa juu ya pendekezo hilo. Mwezi wa Februari mwaka 2025 tokamaki ya WEST, iliyoko Cadarache hapo hapo na yenye kuta za tungsteni, iliidumisha plazima kwa sekunde 1,337, yaani zaidi ya dakika 22.

Ufa na njia ya joto

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanafunzi wote wanaijua methali hiyo, na mwalimu aweza kuitumia kuingiza jambo lililoonekana katika majaribio yenyewe. Vipande kadhaa vya tungsteni vilivyopigwa kwa megawati 20 vilitoka na ufa mrefu katikati, ulioanzia usoni na kushuka kuelekea kwenye bomba. Mtu akiona ufa wa namna hiyo atasema kipande kimeshindwa. Lakini vipimo vilionyesha kwamba vipande hivyo viliendelea kulitoa joto karibu kama kawaida.

Kwa nini? Wanafunzi wachore kipande hicho ubaoni na mishale ya joto ikishuka kutoka usoni hadi kwenye bomba. Ufa unaoshuka sambamba na mishale hauikati. Joto hupita upande huu na upande huu. Lakini ufa wa kulala, hata ukiwa mdogo, hasa kwenye kiungo baina ya tungsteni na shaba, huikata mishale. Juu yake joto hurundikana na tungsteni huweza kuyeyuka. Ndiyo maana mafundi huvikagua viungo kwa mawimbi ya sauti kabla ya jaribio, na wakati wa jaribio hutazama uso kwa kamera zinazoona joto, wakitafuta mahali panapong'aa kuliko pengine. Hawafanyi jambo geni: mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kidole na kusikiliza mlio kabla ya kutoa fedha.

Kuligeuza somo kuwa kazi ya darasa

Mazoezi matatu yafuatayo hayahitaji maabara. Mwalimu ayajaribu peke yake kwanza, awe na ndoo ya mchanga na ya maji karibu, na kazi ya moto aisimamie yeye mwenyewe.

Zoezi la 1: Kikasha cha karatasi. Wanafunzi wakunje kikasha cha karatasi ngumu, wakitie maji, na mwalimu akishike juu ya mwali wa mshumaa. Maji yatapata moto, lakini karatasi iliyogusana na maji haitawaka. Mwali ukifikishwa kwenye ukingo usio na maji, karatasi itaungua mara moja. Mwalimu aulize: karatasi ni ile ile na moto ni ule ule, ni nini kilichotofautiana? Hapo wanafunzi watakuwa wamekutana na kanuni ya kichepushi chenyewe.

Zoezi la 2: Kiungo. Kipande cha bomba laini la chuma na kipande cha mti chenye unene ule ule viunganishwe ncha kwa ncha. Karatasi moja izungushwe na kukazwa juu ya kiungo, nusu ikiwa juu ya chuma na nusu juu ya mti, kisha ipitishwe haraka juu ya mwali. Upande wa mti utababuka kwanza. Sasa karatasi nyingine ifungwe juu ya chuma bila kukazwa, ili hewa ipite baina yao, na jaribio lirudiwe. Safari hii hata upande wa chuma utababuka. Chuma hakikubadilika, kilichobadilika ni mshikamano.

Zoezi la 3: Mizunguko. Vikundi vipewe vigae vikavu vya chungu cha kupikia, vya mtungi wa maji na vya tofali la kuchoma, vyote vya ukubwa unaolingana. Kila kigae kiwekwe juu ya mkaa kwa dakika tano, kitolewe kwa koleo, kitumbukizwe majini, kigongwe kwa kijiko na mlio wake usikilizwe. Kisha kikaushwe vizuri kabla ya kurudishwa motoni. Wanafunzi waandike katika jedwali idadi ya mizunguko mpaka mlio unapofifia au kigae kinapopasuka. Watu wote wakae mbali na jiko, kwa kuwa kigae chenye unyevu huweza kuruka vipande. Ikiwezekana, mfinyanzi wa karibu aalikwe aeleze kwa nini udongo wa vyungu vya kupikia huchanganywa na mchanga au vigae vilivyopondwa. Atakuwa mwalimu bora wa sehemu hii.

Katika mazoezi yote matatu mwalimu asitangaze matokeo kabla ya jaribio. Kila kundi liandike kwanza linatazamia nini, na kwa sababu gani. Mwishoni kila kundi lijibu maswali mawili kwa maandishi: Tumepima nini? Hatukupima nini? Kundi la vigae, kwa mfano, litagundua kwamba hapana mpishi anayetumbukiza chungu cha moto majini. Basi jaribio lao limepima mshtuko mkali kuliko ule wa jikoni, na halikupima uzito wa ugali wala miaka ya moshi.

Swali ambalo halijajibiwa

Swali hilo la pili ndilo linalowasumbua wataalamu wenyewe. Miali ya elektroni na ya haidrojeni hupiga uso tu. Nyutroni zinazozaliwa na muungano wa deuteriamu na tritiamu, kila moja ikiwa na nishati ya elektroni-volti milioni 14.1, haziishii usoni. Hupenya ndani ya metali, husukuma atomi kutoka mahali pake, na hata kugeuza baadhi ya atomi za tungsteni kuwa reniamu. Metali iliyopigwa hivyo kwa muda mrefu hupungukiwa uwezo wa kupitisha joto na huwa rahisi kuvunjika. Vipande vilivyofaulu mizunguko 5,000 vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vipande vipya ambavyo havijaonja nyutroni hizo. Ili kulijibu swali hilo, mtambo mwingine uitwao IFMIF-DONES unajengwa karibu na mji wa Granada, Hispania. Humo mwali wa deuteriamu utaelekezwa kwenye mkondo wa lithiamu iliyoyeyuka ili kupata nyutroni zinazokaribiana na zile za muungano.

Mwalimu asilifiche jambo hili kwa kuogopa kwamba litapunguza heshima ya sayansi. Mwanafunzi huyu kesho atasikia redioni kwamba nishati isiyokwisha imepatikana, au ataletewa dawa, mbegu au bati linalosifiwa kuwa limejaribiwa. Kinga yake ni kujua kuuliza: limejaribiwa mara ngapi, kwa njia ipi, na jaribio liliacha nini nje?

Hitimisho

Tumeona kwamba kustahimili joto si sifa moja ya kitu kimoja. Hutegemea unene, mshikamano wa viungo, njia ya joto, idadi ya mizunguko na mazingira. Basi katika mtihani wa kufunga muhula, mwalimu asiridhike na swali la kutaja kitu kinachochelewa kuyeyuka. Ampe mwanafunzi vipande viwili vya ukuta na kumtaka apange jaribio la haki litakalovitofautisha, kisha aeleze ni jambo gani jaribio lake halitaweza kulithibitisha. Atakayejibu sehemu hiyo ya pili vizuri, hata akisahau kwamba tungsteni huyeyuka kwenye digrii 3,422, atakuwa amejifunza fizikia.